Kidonda Chako Kimeanza Lini?

Wiki iliyopita mjukuu wangu Glori alinijia hapa Sekei na wenzake wawili, wakaniamkia shikamoo wote kwa pamoja, kwa adabu iliyonitia wasiwasi. Kumbe wameanzisha biashara. Wanauza dawa ya mitishamba ya vidonda vya mdomoni kupitia simu. Glori akanionyesha video yao: amevaa koti jeupe ambalo nalifahamu vizuri, ni la kaka yake wa buchani, ameshika chupa ya kijani na anasema, "Siku tatu tu, vidonda vyote kwisha habari yake."

"Bibi, tupe fomula basi," akaniambia. "Si wewe ulifanya hii kazi miaka yote?"

Nikacheka sana. Nilicheka koti, nikacheka muziki, nikacheka yule kijana mwenzao anayejishika shavu kama mtu aliyepigwa kofi na mke wake. Kisha nikavaa miwani nikasoma maneno ya wateja chini ya video. Mmoja ameandika: "Niko chupa ya nne sasa, inanisaidia sana, Mungu awabariki." Na wao wakamjibu kwa mioyo mitatu myekundu. Hapo sikucheka. Nikawaambia nendeni, nitawaandikia. Basi ndiyo hii. Ni ndefu kuliko video yenu na haina muziki, mtanivumilia.

Nilifanya kazi kwa Mzee Anaeli miaka ishirini na kitu. Alikuwa Mmeru wa kule juu Poli, mzee wa kanisa, mwenye kahawa yake na migomba yake, na chini mjini alipanga chumba kimoja Kaloleni, jirani na uwanja wa mpira. Humo ndimo tulimochemsha, tulimochuja na tulimouza. Alikuwa mganga wa mdomo tu. Akija mtu analalamika mgongo, anamwambia mgongo una wenyewe, nenda kawatafute. Nilianza kama mwosha chupa, nikapanda cheo nikawa mchujaji, na mwisho nikawa ndiye mwenye ufunguo.

Siku yangu ya tatu aliniuliza, "Mama Upendo, kidonda cha kawaida cha mdomoni kikiachwa bila dawa kinapona baada ya muda gani?"

Nikasema sijui.

"Wiki moja, siku kumi. Na kikiwekwa dawa yetu je?"

Niliona ni mtego.

"Siku kumi, wiki moja," akasema, akacheka mpaka ugoro ukamtoka mdomoni. Maana alikuwa mtu wa ugoro wa magadi, kutwa nzima amebana kipande chake kati ya fizi na shavu, upande wa kushoto.

Nikamwuliza, kama ni hivyo sisi tunauza nini. Akasema tunauza hizo siku kumi zipite bila mtu kutokwa machozi kila akinywa chai. Dawa inasafisha, inakausha kidogo, inatuliza. Kuponya anaponya Mungu na mate yako mwenyewe. Sasa linganisheni na hiyo "kwisha habari yake" yenu. Mzee Anaeli hakuwahi kuvaa koti jeupe. Alivaa sweta la kahawia lenye tundu kwenye kiwiko, na watu walitoka mpaka mji wa Usa kumfuata.

Haya, fomula. Majani ya mpera, yale machanga ya kileleni, si yale mapana yenye madoa ambayo hata mbuzi anayafikiria mara mbili. Unayaosha, unayachemsha kwa moto mdogo, sufuria imefunikwa, mpaka maji yafanane na chai ya rangi iliyokolea. Unaacha yapoe yenyewe. Unachuja kwa chujio, kisha unachuja tena kwa kitambaa cha pamba kilichochemshwa. Chumvi kidogo, ile inayoshikika kwa vidole viwili. Mtu anasukutua na kutema. Siku tatu zikipita unamwaga na kuchemsha upya, kwa sababu majani hayajui kusubiri wateja. Nyie chupa yenu imeandikwa inakaa miaka miwili. Sijui hayo majani yenu yamesomea wapi uvumilivu.

Mshubiri nao, huo mnaouita alovera, tuliupata kwa mkulima mmoja wa Nduruma aliyetuletea majani kwenye viroba. Jani ukilikata linatoa utomvu wa njano mchungu. Huo si dawa ya mdomo, huo ni dawa ya kumtoa mtu kitini. Lazima ulisimamishe jani kwenye beseni, upande uliokatwa chini, litiririke saa kadhaa mpaka njano iishe. Ndipo umenye, uoshe, uchukue ile nyama nyeupe inayoteleza. Najua umuhimu wa saa hizo kadhaa kwa sababu mara moja niliziruka.

Ilikuwa Jumamosi, Mzee Anaeli yuko msibani, na mimi nimejiona nimehitimu. Mwalimu wa kwaya ya usharika wetu alikuja na kidonda kwenye ncha ya ulimi, na kesho yake kulikuwa na mashindano ya kwaya. Nikakamua jani zima, njano na nyeupe, nikamwambia asukutue na kutema. Yeye akaona kutema ni hasara. Alfajiri ya Jumapili akameza nusu chupa ili dawa ifike mpaka kwenye mizizi. Ubeti wa kwanza alisimama vizuri. Ubeti wa pili akaanza kuongoza kwa mkono mmoja, mwingine ameshika tumbo. Ubeti wa tatu hakuwepo. Kwaya iliendelea bila kiongozi, kila sauti ikaenda kwao, na nasikia soprano walimaliza muda mrefu kabla ya wengine. Walishika nafasi ya mwisho, na mwalimu yule hakunisalimia mpaka alipohamishiwa usharika mwingine.

Mzee Anaeli aliporudi hakunifokea. Alinipa kijiko akasema kuanzia leo hakuna kinachoingia kwenye chupa kabla hakijaingia kwenye mdomo wako. Nimeonja dawa miaka ishirini. Nikuulize Glori, hiyo chupa ya kijani umeshaionja?

Wateja nao wana ujinga wao, msidhani nitawaacha. Watu wetu hawaiamini dawa isiyouma. Dalali mmoja wa madini, mtu mzima na gari lake nje, alisukutua maji yetu ya mpera akanitazama kwa huruma. "Mama, hii mbona haichomi? Mmechakachua?" Alitaka tumchanganyie na pombe kali, kama jirani yetu mmoja alivyokuwa akifanya. Jirani huyo wateja wake walikuwa wanapiga kelele mpaka barabarani, na wapita njia wakisikia wanapanga foleni. Kidonda kibichi ukikimwagia pombe unakichoma tu, hakuna zaidi. Mzee Anaeli alimwambia yule dalali, "Kama unataka kuumia nenda nyumbani ukang'ate limau, halafu hela ya dawa mnunulie mkeo kitenge."

Na kuna mjafari, huo ambao Wamaasai wanauita oloisuki. Magome yake ukitafuna, ulimi unakufa ganzi. Tulikuwa na chupa moja ndogo, ilikaa juu kabisa kwenye rafu, na ilitumika kwa matone, kwa mtu ambaye hata uji haupiti. Nilimwomba Mzee tuitie kwenye dawa zote. Wateja wangetuimba. Akakataa. Alisema mtu akiwa na ganzi anajiona amepona, na anayejiona amepona haendi kutafuta msaada. Nilimwona mkaidi. Shikeni hilo la mjafari, litarudi.

Kuna mwaka walikuja wataalamu na gari refu na mifuko ya plastiki. Wakachukua majani yetu ya mpera, wakaandika, wakapiga picha sufuria yetu nyeusi kana kwamba imefariki. Baada ya miezi wakarudi wakasema majani yana kitu fulani chenye jina refu kinachokausha vidonda. Mzee Anaeli akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo tuongeze majani au tupunguze?" Wakatazamana. Wakasema utafiti unaendelea. Akawapa ndizi za kuiva, wakaondoka wamefurahi.

Sasa nije kwenye kile ambacho nyie hamna, na ndicho kilichokuwa kazi yenyewe. Mzee Anaeli hakuuza chupa kabla hajauliza, "Kidonda chako kimeanza lini?" Uwe mchungaji, uwe muuza mitumba, hupewi kitu mpaka ujibu. Ukisema juzi, wiki iliyopita, unapata chupa yako. Ukisema wiki ya pili inaisha, anakutazama mdomoni kwa tochi. Zaidi ya hapo anarudisha chupa kwenye rafu na kusema, "Hospitali." Ukimwambia kinatoka damu, au kigumu ukikigusa, au upande mmoja unavimba, hasubiri hata hesabu ya wiki. Wengine walimtukana. Mama mmoja alimwambia, "Wewe ni mganga gani unayenipeleka kwa daktari? Ningetaka daktari ningeanzia kwa daktari." Akamjibu, "Ndiyo, ungeanzia huko."

Mimi roho iliniuma kila chupa iliporudi rafuni. Nikajiona mjanja. Nilipeleka chupa ishirini kwa mwenye duka mmoja sokoni Nduruma, auze kwa niaba yetu, kimyakimya. Mzee Anaeli alipojua alipanda gari siku hiyohiyo, akazikusanya zote, hata ile iliyokuwa imeshafunguliwa. Aliporudi aliziweka mbele yangu na kusema, "Mama Upendo, chupa haiwezi kuuliza." Nilinuna wiki nzima. Leo nikiona jinsi mnavyotuma vifurushi mpaka Songea kwa watu msiowajua sura, namkumbuka.

Basi sikilizeni lililotokea kwa huyo huyo mwenye kuuliza.

Nilianza kuona kwenye chai. Mzee Anaeli alikuwa mtu wa chai ya moto, ile ya kuunguza. Akaanza kuiacha ipoe. Kisha akaacha karanga. Kisha akawa anatafuna upande wa kulia tu, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu anayesikiliza jambo ukutani. Ugoro ukahamia upande wa pili. Nikamwuliza, akasema ni jino. Nikaamini, kwa sababu mtu mwenye kutazama midomo ya mji mzima utamfundisha nini kuhusu mdomo wake?

Siku moja nilipanda kwenye stuli kufuta vumbi rafu ya juu nikashika ile chupa ya mjafari. Niliijaza mimi mwenyewe kabla ya Pasaka, na tulikuwa tumeitumia kwa wateja watatu. Ilikuwa imebaki vidole viwili. Nilikaa juu ya stuli na kitambaa mkononi. Waswahili wamesema mganga hajigangi. Huyu alikuwa anajiganga kwa siri, na kwa dawa ileile aliyonikataza.

Hapo nilifanya kosa, na nalisema waziwazi. Ningemngoja tubaki wawili. Ningeongea na mkewe kwanza. Mimi nikashuka kwenye stuli na chupa mkononi, chumbani kuna wateja wanne, naye ameshika tochi anamwuliza mmoja wao swali lake. Nikasema kwa sauti, "Na chako, Mzee, kimeanza lini?"

Yule mteja akafunga mdomo. Mzee Anaeli akazima tochi, akaiweka mezani polepole.

"Mama Upendo, nipe ufunguo."

"Mzee, mimi nauliza tu kama unavyouliza wewe."

"Nipe ufunguo. Kwangu usirudi."

Nilimpa. Nilitembea kwa miguu mpaka Sekei nimevaa aproni, watu wananishangaa. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, kwa sababu nilishaona midomo ya kutosha kujua kinachofichwa hakiwi kidogo. Nilimchukia mzee yule na sikutaka afe. Alinifundisha kazi, alinilipia Upendo ada ya kidato cha kwanza bila kuombwa, na sasa anakwenda kufa kwa aibu. Maana ilikuwa aibu tu. Mganga mzima wa mdomo wa Kaloleni apange foleni hospitali na wale aliowafukuza waende hospitali, wamwone.

Siku nne baadaye nilipanda Poli kwa mkewe, Bibi Elinami. Nilimkuta anamenya ndizi. Hakuniuliza nimefuata nini.

"Anakula?" nikamwuliza.

"Anakunywa mtori uliopoa. Anasema jino." Akaendelea kumenya. "Mama Upendo, mimi nimelala na mtu huyu miaka arobaini, najua harufu ya jino bovu. Hii si ya jino."

"Umemwambia aende?"

"Nimemwambia. Mchungaji amemwambia. Amesema tumwache na mdomo wake."

Ndipo nikamwomba anikatie isale.

Nyie mliozaliwa mjini mnaliona isale kwenye uzio mnadhani ni maua. Kwetu huku mlimani, Wameru na Wachaga, ukimkosea mtu mpaka maneno hayatoshi, unamletea jani la isale limefungwa fundo, unalishika kwa mikono miwili. Jani hilo halikataliwi. Anayelikataa amejitafutia balaa mwenyewe, na hata wanaokwenda kanisani kila Jumapili, na kuongoza ibada za nyumba kwa nyumba, hawathubutu kuliacha likining'inia mkononi mwa mtu. Bibi Elinami alilikata kwenye mpaka wa shamba lao, akalifunga fundo yeye mwenyewe kwa vidole vyenye utomvu wa ndizi.

Mzee Anaeli alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, anaangalia migomba yake. Nikapiga magoti. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu na magoti yangu yalilalamika kuliko mimi. Nikainua jani. Akalipokea, kama nilivyojua atalipokea.

"Haya," akasema. Maneno yalimtoka kwa shida, ulimi umekuwa mzito. "Yameisha. Kesho rudi kazini."

"Mzee, sijakuambia naombea msamaha kitu gani."

"Si kwa kunivua nguo mbele za watu?"

"Hapana. Lile tutaliongea siku nyingine. Naomba unisamehe kwa kukupeleka hospitali kesho asubuhi."

Aliliangalia jani mkononi mwake kama mtu aliyegundua mbuzi aliyenunua ni mgonjwa. "Isale ni la kosa lililokwisha kufanyika. Sio la kesho."

"Umeshalipokea," akasema Bibi Elinami kutoka mlangoni.

"Mmenipangia, nyie wanawake."

"Tumekupangia. Na umeshalipokea."

Nilimwona anapima. Mzee wa kanisa, mtu aliyesimama madhabahuni mara ngapi kuwaambia watu waachane na mambo ya kale, na mkono wake haukuweza kuliweka chini jani lile. Alilia. Sikuwahi kumwona akilia, na mimi nikalia, na Bibi Elinami akatuacha hapo akaenda kutafuta shati la kuvaa kesho.

Hospitali tulimkuta daktari msichana, mdogo kuliko Upendo wangu. Alivaa glavu, akawasha taa, na kabla hajamwambia Mzee afungue mdomo akauliza, "Babu, kidonda kimeanza lini?"

Naapa nilitaka kucheka. Mzee Anaeli akamwambia wiki mbili.

"Tangu tunachuma kahawa," akasema Bibi Elinami. Na kahawa ile ilikuwa imeshauzwa.

Kulikuwa na muuguzi pale, mwenye maneno. Alipojua kazi yetu alisema sisi wa mitishamba ndio tunaowaletea watu wakiwa wameshaoza. Nilikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia tumewaletea wagonjwa wangapi kabla hawajaoza, nusu ya foleni yake tumeituma sisi. Lakini nilikuwa nimekaa karibu na mganga aliyejisukutua kwa ganzi zaidi ya miezi mitatu. Muuguzi alikuwa na haki yake siku ile.

Walikata kipande wakapima. Ilikuwa saratani, kwenye ubavu wa ulimi, upande uleule ugoro ulipokuwa unakaa. Wakampa rufaa, wakamkata ulimi karibu nusu na tezi za shingoni, kisha akachomwa mionzi. Daktari mkubwa wa huko alituambia angechelewa kidogo tu kusingekuwa na cha kukata. Alirudi amekonda, sauti imekuwa ya mtu anayeongea na kiazi cha moto mdomoni. Yule mtu aliyekuwa anawanyoa wateja kwa maneno matatu sasa alihitaji dakika kuomba maji. Lakini alirudi, na aliishi miaka minane baada ya hapo, na ugoro hakuugusa tena.

Nilidhani hatakanyaga Kaloleni. Bibi Elinami alinirudishia ufunguo, nikafungua chumba mwenyewe, nikamwaga mjafari uliobaki, nikaendelea na mpera na mshubiri, na swali nauliza mimi. Kumbe baada ya miezi michache alishuka na sweta lake lenye tundu, akakaa kwenye kiti chake, tochi mkononi.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa mama wa makamo, muuza mboga, anataka dawa ya mumewe. Alikuwa na haraka, chupa ameshaichukua mwenyewe kutoka kwenye rafu. Mzee Anaeli akamwuliza. Yule mama hakuelewa, akanigeukia mimi.

"Anasemaje?"

Nikafungua mdomo nimtafsirie. Mzee akaninyooshea kiganja ninyamaze. Akauliza tena, silabi moja moja, jasho linamtoka kwenye paji la uso.

"Ah, kimeanza lini," akasema yule mama. "Muda kidogo. Kabla ya Krismasi. Lakini hakimwumi, ndiyo maana hatujahangaika."

Tulikuwa mwezi wa tatu. Mzee Anaeli akasimama, akamtoa ile chupa mkononi taratibu, akairudisha rafuni. Mama akaanza kugomba, pesa anazo, kwani dawa si ya kuuzwa? Mzee akawasha tochi, akajielekezea mwenyewe, akafungua mdomo wake wote mbele ya yule mama, mdomo aliouficha hata kwa mkewe, akamwonyesha mahali ulimi unapoishia.

Yule mama akaokota kikapu chake akatoka, na sikumwona akienda kituo cha gari la kwao. Alielekea upande wa hospitali, kuuliza siku ya kumleta mumewe.

Aliendelea kufanya hivyo miaka yote iliyobaki, kwa kila aliyechelewa. Watoto wa mtaa ule walimwogopa. Yeye aliona sawa tu.

Glori, majani ya mpera nimekuandikia, mshubiri nimekuandikia, koti la buchani rudisha. Lakini kabla hujachuma jani hata moja, fungua simu yako umtafute yule wa chupa ya nne. Usimtumie mioyo. Mpigie, asikie sauti yako, umwulize, na akishakujibu usimwuzie ya tano.